Siku Mama Taratibu Alipokanyaga Mafuta

Jina lile hakupewa na wazazi wake, alipewa na abiria. Kila basi lake liliposimama kituoni na watu wakaanza kusukumana mlangoni, sauti nzito isiyo na hasira ilitoka mbele: "Taratibu jamani, taratibu. Kituo hakina miguu." Watu wakacheka, wakajipanga, wakashuka. Miaka ikapita, hata wale wasiojua neno lilianzia wapi wakamwita Mama Taratibu, na mwishowe jina likaandikwa kwa rangi kwenye kabati lake la nguo pale karakana ya mabasi ya mji.

Madereva vijana walimtania bila huruma. Walisema ukimkuta mbele yako barabarani unaweza kushuka, ukanywa chai, ukamlipa mwenye chai, ukarudi ukalikuta gari lako palepale. Yeye alicheka nao. "Ninyi mnaendesha injini," alikuwa akiwaambia. "Mimi naendesha watu."

Aliingia karakana ile akiwa msichana, akishika ufagio. Kazi yake ilikuwa kufagia mabasi jioni na kuokota vilivyosahauliwa: miavuli, kofia, siku moja kuku mzima aliyefungwa miguu. Basi likizuia njia ya maji ya kuoshea, ilibidi amtafute dereva alisogeze, na madereva wakati huo wameshaondoka. Hivyo akaanza kulisogeza mwenyewe, hatua moja mbele, hatua moja nyuma. Fundi mkuu alipomfuma hakumfokea, alisimama mikono kiunoni akamtazama anavyolirudisha basi kwenye nafasi yake bila kugusa ukuta. "Wewe," alimwambia, "weka huo ufagio chini." Ndivyo alivyokuwa mwanamke wa kwanza kushika usukani wa basi kubwa katika yadi ile.

Shida ilikuwa miguu. Alikuwa mfupi, na viti vya mabasi yale vilitengenezwa kwa majitu. Karakana ikamwita fundi makochi aliyekuwa na duka lake mtaa wa pili aje amshonee mto wa kuegemea. Fundi akaja na utepe wake, akapima, akashona mto, ukawa mnene mno. Akaurudisha, ukawa mwembamba mno. Aliurudisha tena na tena, hadi fundi mkuu akauliza kama huyu mtu anashona mto au anatafuta mke. Kumbe vyote viwili. Walioana mwaka uleule.

Na katika miaka yote iliyofuata, leseni ya Mama Taratibu ilibaki safi kama sahani ya mgeni. Hakuwahi kutozwa faini hata moja. Askari wa barabarani wakimpungia mkono asimame, ni kwa kuwa wanaomba kupanda. Hilo ndilo lililokuwa fahari yake. Hakuwa na nyumba ya ghorofa wala shahada ukutani, lakini alikuwa na jina ambalo hakuna karatasi ya polisi iliyowahi kulichafua, na akitembea yadini alitembea kama mtu anayelijua hilo.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Mchana wa jua kali, basi limejaa, wengine wamesimama wakining'inia kwenye vyuma. Alikuwa akishuka mteremko mrefu unaoelekea darajani. Mteremko ule madereva wanauheshimu. Kushoto kuna ukuta wa mawe, kulia kuna kingo za chuma zinazotenga magari yanayopanda, na ukishaingia humo huna pa kuchepukia mpaka uvuke daraja, ambako barabara inapanuka na kuna kituo cha basi chenye nafasi. Katikati ya mteremko, penye kona, kamera ya mwendo imetundikwa juu ya mlingoti. Kila dereva wa mji anaijua kamera ile kama anavyoijua anwani ya mkwe wake.

Mama Taratibu alitazama kioo cha pembeni, kama alivyofanya kila baada ya pumzi chache. Akaona lori la kokoto nyuma yake, taa zimewashwa zote mchana kweupe. Akafikiri ni kijana mwenye haraka zake. Kisha akasikia honi. Haikuwa ile honi ya kumwambia mtu nipishe. Ilikuwa honi isiyokatika, kama mtu anayelia. Akatazama tena. Magurudumu ya lori yalikuwa yanafuka moshi, na mkono wa dereva ulikuwa nje ya dirisha, unampungia: nenda, nenda, nenda.

Lori lilikuwa limefeli breki.

Mguu wake ulikuwa tayari juu ya breki. Kila kitu alichowahi kujifunza, kila mwaka alioutumia barabarani, kilimwambia akanyage. Lakini akikanyaga, lile lori na mzigo wake wote litaingia ndani ya basi kwa nyuma, na kule nyuma watu wamekaa bega kwa bega. Kushoto ukuta. Kulia chuma. Hakuwa na pa kwenda isipokuwa mbele.

"Shikeni vyuma!" alipaza sauti. "Wote! Shikeni vyuma msiachie!"

Hakuna abiria aliyewahi kumsikia akipaza sauti namna ile, na labda ndiyo sababu walishika. Akaondoa mguu kwenye breki, akakanyaga mafuta mpaka chini.

Basi lilinguruma kama mzee aliyeamshwa usingizini, kisha likaondoka. Mifuko ikamwagika, vitunguu vikabingirika chini ya viti, mtu akapiga kelele akimwita mama yake. Mama Taratibu alishika usukani kwa mikono miwili na kugawa macho yake, barabara, kioo, barabara, kioo. Lori lilikaribia mpaka likajaa kiooni, halafu basi likaanza kuliacha, kidogo, kidogo tena. Wakaingia konani. Ndipo mwanga mweupe ukampiga usoni.

Ajabu ya moyo wa mtu ni kwamba hata pale, roho za watu wote wale zikiwa mikononi mwake, kuna sauti ndogo iliyosema ndani yake: haya, leo na mimi nimepigwa.

Daraja likapita chini yao. Akaona nafasi ya kituo, tupu, hakuna mtu aliyesimama, akakata kushoto na kuanza kukamua breki taratibu, taratibu, basi likiyumba na kurudi, likiyumba na kurudi. Lori likapita pembeni yao kwa kishindo, upepo wake ukatikisa vioo vyote, likaendelea moja kwa moja kwenye kilima kilicho mbele, likipanda na kuchoka, mpaka likapotea nyuma ya majengo. Hakukusikika mlio wa kugonga. Mama Taratibu alivuta breki ya mkono.

Kisha watu wote wakasema kwa pamoja.

"Wewe mama una wazimu?" Aliyesikika zaidi ni bwana mmoja mwenye tai, aliyekuwa amesimama mbele na sasa anatafuta kiatu chake. "Unashindana na malori umebeba roho za watu!"

"Lori lile halikuwa na breki, baba," alisema Mama Taratibu. Sauti yake ilikuwa imerudi mahali pake. "Nisingekimbia lingetukanyaga."

"Breki! Kila dereva akikosea anasingizia breki! Nimeliona kwa macho yangu linakupita. Mlikuwa mnashindana!"

Wale wa siti za nyuma, ambao wangeweza kusema waliona nini, walikuwa wameshuka na kukaa ukingoni mwa barabara hawana hata sauti. Mama Taratibu hakubishana. Alishuka, akawakagua abiria mmoja mmoja. Magoti yaliyochubuka, kidole kilichoteguka, mtoto anayelilia biskuti yake. Aliokota vitunguu vya watu. Kisha akakunja kushoto kama njia ya basi inavyotaka, akawafikisha kila mmoja alikokuwa anakwenda, kwa mwendo wake ule wa siku zote.

Jioni ile aliingia kwa meneja kabla hajaitwa. Meneja wa karakana alikuwa mtu mwembamba aliyezoea kupandisha miwani kichwani halafu akaitafuta mezani.

"Yule bwana ameshapiga simu," alisema meneja. "Anasema ulikuwa unashindana na lori."

"Wewe unanijua."

"Mimi nakujua, mama. Kamera haikujui." Akashusha pumzi. "Pengine si kitu. Kamera nyingine zinawaka tu, zimeharibika."

"Haikuharibika. Nilikuwa kasi, najua mwenyewe. Na kesho likija lori lile, nitakwenda kasi vilevile."

Meneja alijikuna shingo. Kanuni ya karakana ilikuwa wazi: dereva aliyepigwa na kamera anakabidhi funguo mpaka ofisi ya usalama barabarani itoe jibu, awe nani. Alionekana kama mtu anayetaka kanuni ipasuke katikati. Mama Taratibu hakumngoja aseme. Aliweka funguo mezani, akazinyoosha zikakaa sawa, akaaga.

Aliwauliza madereva wote kama kuna aliyesikia habari za lori lililogonga mtu kule kilimani. Hakuna aliyesikia. Hapo tu ndipo alipokwenda nyumbani.

Mumewe alikuwa dukani kwake, mbele ya nyumba, amebana misumari midogo midomoni, anapigilia kitambaa kwenye kiti cha mteja.

"Kamera imenipiga," alisema Mama Taratibu.

Mumewe alitoa misumari ili acheke vizuri. "Wewe? Kamera ikupige wewe? Kwa kosa gani, umelala barabarani?" Alicheka mpaka akashika mbavu. Mama Taratibu alimwacha amalize, kisha akavuta kigoda, akakaa, akamsimulia yote tangu kioo hadi vitunguu. Aliposimulia, kicheko kilimtoka mzee yule usoni kidogo kidogo, na nyundo akaiweka chini.

"Sasa ulijuaje usikanyage breki?"

"Sikujua. Mguu ulijua."

Fundi aliufuta mkono wake kwenye suruali, ingawa haukuwa na kitu. "Basi sikiliza, mke wangu. Wakikutoza, nitakwenda kulipa mimi mwenyewe. Na nitakwenda nimevaa suti."

Kusubiri kukaanza. Jibu la kamera siku hizi linakuja kwa simu, na binti yao, muuguzi aliyekuwa akiishi nao, aliitengenezea simu ya mama mlio wa peke yake ili ujumbe usimpite. Lilikuwa kosa kubwa. Kila mlio ulipolia, watu watatu waliruka. Mara ni tangazo la magodoro, mara ni shangazi anayeuliza kama wamepata picha za mjukuu, mara ni mtu asiyejulikana anayempongeza kwa kushinda zawadi ambayo hakuishindania. Fundi alijigonga kidole kwa nyundo mara moja kwa ajili ya magodoro.

Karakana walimpa kazi ya ndani: kupokea mabasi getini, kuyapeleka kwenye maji ya kuoshea, kuyapanga. Aliifanya vizuri kama alivyofanya kila kazi, lakini basi lisilo na abiria ni chumba kitupu tu chenye magurudumu. Vijana wakambadilisha jina, wakamwita Mama Roketi. Alicheka nao. Kilichomuuma hakikuwa hicho. Kilichomuuma ni kila asubuhi kuliona basi lake likitoka getini na dereva mwingine, na kuisikia gia ya pili ikisaga, kwa sababu gia ile ilitaka kubembelezwa na hakuna aliyemwambia yule kijana. Siku ya pili yake alikwenda akamwambia.

Hata hivyo, hakuinamisha kichwa. Alikuja kazini na sare yake imepigwa pasi kama anayekwenda njiani. Dereva mmoja wa zamani, waliyemwita Kipara ingawa alikuwa na nywele tele, alimvuta pembeni siku moja penye matairi.

"Dada yangu, usijitese. Nina mtu wangu pale ofisi ya usalama. Neno moja tu, ile picha inapotea."

"Ipotee?"

"Haitaonekana tena. Utarudi kwenye usukani wiki hii hii."

Mama Taratibu alimtazama bila ukali, maana alijua amekuja kwa mapenzi. "Kaka, siku ile watu wote ndani ya basi walikuwa wanatazama sakafu. Kitu pekee kilichonitazama mimi ni kamera ile. Nami niitupe? Iache ije. Kama ina kosa langu, nitaliona. Kama haina, sitaki kuishi nikijua kuna mtu alinifichia."

Kipara alitikisa kichwa. "Una kiburi wewe."

"Ninacho," alikubali Mama Taratibu.

Asubuhi moja mlinzi wa getini akamwita: ana mgeni. Alikuta kijana amesimama juani ingawa kivuli kilikuwa tele, mkono mmoja umefungwa bendeji, kofia ameishika kwa mwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ndiye ulikuwa na basi pale mteremkoni, lori la kokoto likiwa nyuma?"

"Ni mimi."

Kijana alikaa chini kwenye ukingo wa saruji. Mama Taratibu akakaa kando yake. Alikuwa amemjua tangu alipotaja lori la kokoto: ule mkono wenye bendeji ndio uliompungia.

"Nimeuliza vituo vyote," alisema kijana. "Watu wananiambia, unayemtafuta atakuwa mwingine, Mama Taratibu hawezi kukimbia." Akajifuta uso kwa kofia. "Ningewakanyaga, mama. Nilikuwa nimeshawakaribia, nawaona watu kwenye kioo cha nyuma cha basi. Kulikuwa na mtoto amepiga magoti kwenye siti, ananitazama. Alikuwa ananipungia mkono. Alidhani namsalimia. Usiku nikifumba macho namwona yeye."

"Yule mtoto alishuka salama," alisema Mama Taratibu. "Alikuwa analilia biskuti. Nilimwokotea mwenyewe, ilikuwa na mchanga, akaikataa."

Kijana alicheka huku analia. Akamweleza yaliyobaki. Lori lilichoka lenyewe kilimani, likaegemea ukuta. Mkono aliuumiza akiruka. Tajiri wake alikuja mbio, akamwambia afunge mdomo. Breki zile alikuwa ameshazilalamikia. Sasa zimefungwafungwa tu na lori linarudi kazini, na dereva mwingine.

Mlinzi, ambaye masikio yake hayakuwa na likizo, alidakia kutoka dirishani: "Na huyu mama wamemweka benchi kwa ajili ya lori lako hilo! Kamera ilimpiga, anangoja adhabu."

Kijana aliinuka. "Hukuniambia! Nakwenda kusema. Sasa hivi nakwenda."

"Kaa kwanza. Ukisema, kazi utabaki nayo?"

Kijana aliitazama bendeji yake.

Ndani ya Mama Taratibu kulikuwa na mtu anayetaka sana kumwambia nenda, nenda haraka. Neno la kijana huyu lingemrudishia funguo zake. Alimngoja mtu yule ndani yake atulie ndipo akasema.

"Usiende kwa ajili yangu, mwanangu. Mimi nitajieleza mwenyewe, mdomo ninao. Lakini lori lile likishuka tena pale bila breki, mbele yake huenda kukawa na dereva ambaye mguu wake utakwenda kwenye breki, na hatakuwa na kosa lolote. Kwa ajili ya huyo, nenda. Na mambo ya kazi uje hapa, tutamuuliza meneja. Mimi pia niliingia kwa mlango huu sina kitu mkononi ila ufagio."

Akamnunulia chai, akamwangalia akiondoka. Kijana alikata kona ya soko, na Mama Taratibu hakujua kama amekwenda ofisini au amekwenda kwao.

Ujumbe ulikuja akiwa amevaa viatu vya mpira, maji yanatiririka chini ya basi. Hakuusikia mlio. Fundi wa matairi ndiye aliyeona simu inawaka juu ya pipa, akaikimbiza kwake kana kwamba inaungua. Anatakiwa kufika ofisi ya usalama barabarani kuhusu tukio la kamera. Basi, hayo tu.

Fundi makochi alivaa suti. Ilikuwa suti ya harusi, imemkaa vizuri mabegani na vibaya tumboni, na ilinukia gundi ya makochi hata kabla hajaivaa. Waliketi kwenye benchi refu kati ya watu waliobeba makosa yao ya kila namna, feni ikizunguka juu bila kumpoza mtu. Mumewe alitaka kumshika mkono, akaona haya, akamshikia mkoba.

Ofisa aliyewaita alikuwa binti mdogo mwenye sare iliyonyooka, kompyuta mbele yake.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba." Akamtazama Mama Taratibu kwa muda kidogo kuliko ilivyohitajika. "Mama, siku ile mwendo wako ulikuwa karibu mara mbili ya unaoruhusiwa."

"Sishangai."

"Na hukuleta maelezo yoyote ya kujitetea. Watu wengine wanafika hapa kabla kamera haijapoa."

"Sikuwa nimeulizwa, mwanangu. Sasa ukiniuliza nitakueleza."

"Tutazame kwanza hii," alisema ofisa, akaigeuza kompyuta.

Mama Taratibu alikuwa ameendesha basi zaidi ya nusu ya maisha yake, na hakuna mtu aliyewahi kumpiga picha akiendesha. Alikuwa na picha za harusi, za ubatizo, za barazani na wajukuu, katika zote amesimama kama kabati. Huyu aliyekuwa kwenye kioo cha kompyuta hakumjua mara moja. Mwanamke mfupi nyuma ya usukani mkubwa, mikono miwili imeushika bila kuukaba, mabega yametulia, midomo imefungwa, macho yako kwenye kioo cha pembeni. Alikuwa ameamini kwamba siku ile uso wake ulijaa woga. Haukuwa na woga. Ulikuwa uso wa mtu aliye kazini kwake.

Nyuma yake abiria walikuwa wamekumbatia vyuma. Bwana mwenye tai alikuwa amekumbatia abiria mwenzake. Mzee mmoja dirishani alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi. Na kwa kuwa barabara inapinda pale, nyuma ya basi palionekana lori zima, taa zote zikiwaka, moshi magurudumuni, na mkono wa kijana nje ya dirisha.

"Nimekaa kwenye kazi hii nikitazama picha za watu wanaokimbia," alisema ofisa. "Wanatazama simu, wanagombana, wanakula. Hii niliwaita wenzangu waje waione. Kisha akaja dereva wa lori mwenyewe, akatueleza. Lori tumelizuia, na mwenye lori ana kesi ya kujibu." Akarudisha kompyuta mahali pake. "Wewe huna faini, mama. Huna alama yoyote. Leseni yako haijaguswa. Ningeweza kukutumia ujumbe tu, lakini nilitaka kukuona."

Mama Taratibu aliinua kidevu. Alisema asante, mara moja, kwa heshima, kama mtu anayepokea kilicho chake. Ila mumewe ndiye aliyetokwa na machozi. Alivuta leso ya suti, akakuta imeshonewa mfukoni kama pambo, akajifuta kwa tai. "Hiyo picha," aliuliza, "mtu anaweza kuipata?"

"Dereva anayo haki ya kuiomba, baba."

"Anaomba," alisema fundi. "Anaomba kubwa."

Meneja alimrudishia funguo mbele ya yadi nzima, miwani ikiwa kichwani na hotuba aliyoiandika ikiwa mkononi hawezi kuisoma. Akasema tu kwamba hana la kusema, na watu wakapiga makofi wakapiga na honi. Baadaye faraghani alimwambia kwamba amempigia yule bwana mwenye tai, naye anasisitiza alisema alichokiona. "Hakudanganya," alisema Mama Taratibu. "Aliona nusu." Kisha akamkumbusha meneja habari za yule kijana wa lori, na hakutoka ofisini mpaka alipoahidiwa kwamba mkono wake ukipona atajaribiwa.

Picha ilitundikwa dukani kwa fundi, ndani ya fremu aliyoipamba mwenyewe kwa kitambaa cha kochi chekundu. Mama Taratibu alisema amemfanya kama mto wa sebuleni. Lakini kila aliporudi kutoka kazini jioni, alikuwa na desturi mpya ya kupitia dukani kabla ya kuingia ndani, eti kuona kama mumewe amekula.

Jumamosi moja alifika na kikapu chake akasikia sauti kutoka mlangoni. Mumewe alikuwa na wateja, na alikuwa anasimulia. Katika masimulizi yake malori yalikuwa mawili. Mteremko ulikuwa mlima, na daraja lilikuwa na nyufa. Basi lilipita na gurudumu moja hewani. Mama Taratibu, ambaye hakuwahi kuongeza chumvi kwenye habari yoyote, alivuta pumzi aingie amsahihishe.

"Na dereva alikuwa nani?" aliuliza mmoja wa wateja.

Kutoka alipokuwa amesimama hakumwona mumewe, lakini alijua kabisa jinsi alivyonyoosha mgongo.

"Dereva?" alisema fundi. "Dereva ni mke wangu. Ngojeni tu, anakuja sasa hivi."

Mama Taratibu alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, kwa utulivu ili vyombo kikapuni visigongane. Akazunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa jikoni. Aliweka kikapu chini, akajitazama kwenye kioo kidogo cha ukutani, akaiweka sawa kola ya sare yake. Akasubiri kidogo, lori la tatu limalize kupita, ndipo akatoka mbele kuwasalimia wageni.